Kodi za gita kwa gemu: la kufanya mkono ukigoma

"Noti moja moja nazipata vizuri, lakini kodi (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) zikiingia tu, kila kitu kinaporomoka. Nifanyeje?" Karibu kila anayejifunza gita kwa gemu kama Rocksmith au Yousician hufika kwenye swali hili, na halifiki peke yake. Kwa nini gemu inanipa alama wakati mimi mwenyewe nasikia sauti mbovu? Kwa nini nikizima skrini sikumbuki hata kodi moja? Kwa nini najua vidole vinapotakiwa kwenda, lakini vinafika vimechelewa?

Maswali hayo yote yana mzizi mmoja. Gemu inasikia, lakini haioni. Inajua noti ipi imelia na imelia wakati gani. Haijui umetumia kidole gani, kifundo cha mkono kimekaaje, wala unabana kwa nguvu kiasi gani. Ukipiga noti moja moja hilo haliumizi sana. Kwenye kodi ndipo mambo yote yalipo, kwa sababu kodi inayofuata itafikika au haitafikika kutegemea vidole ulivyovitumia kwenye hii ya sasa.

Kwa hiyo utaratibu nitakaokupa ni huu: umbo la kodi unalijenga skrini ikiwa imezimwa, kubadilisha kodi unakufanyia mazoezi kwa saa ya kawaida, kisha gemu unaipa kazi inayoiweza, yaani kushika mdundo, kurudia kipande kimoja bila kuchoka, na kukupa hamu ya kuendelea. Nimeandika nikiwa na Rocksmith akilini, kwa kuwa inawatatiza wengi, lakini hatua nyingi zinafaa kwa gemu au programu yoyote ya aina hiyo.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Gita lenye nyuzi sita ambalo nyuzi zake haziko juu mno kutoka kwenye shingo. Ukibonyeza freti ya kwanza (freti ni nafasi kati ya vyuma vinavyokatiza shingo) na kidole kinauma papo hapo, mpelekee fundi gita azishushe nyuzi kabla hujajilaumu. Kama ni gita la umeme, funga nyuzi nyembamba, namba 9 au 10. Zinabonyezeka kwa urahisi kuliko namba 12 zinazofungwa kwenye magita mengi ya akustika.

Njia ya kuunganisha gita na gemu. Rocksmith 2014 hutumia kebo yake maalumu, Real Tone Cable, yenye jeki ya milimita 6.35 upande mmoja na USB upande mwingine. Rocksmith+ inakubali kebo hiyo, na pia inaweza kutumia simu yako kama maikrofoni. Yousician inatosheka na maikrofoni ya kifaa chenyewe.

Hedifoni za waya. Za bluetooth ziweke pembeni, sababu utaiona kwenye hatua ya kwanza.

Piki laini (kile kibao kidogo cha kucharazia), ile inayopinda ukiibana. Piki ngumu inakwama kwenye nyuzi unapocharaza nyuzi sita kwa mkupuo.

Saa yenye kipimo cha sekunde, daftari na kalamu. Daftari litakuwa na kazi kubwa kuliko unavyodhani.

Muda wa dakika ishirini hivi kila siku. Ukisubiri upate saa tatu za wikendi, vidole vitakuwa vimesahau. Mkono hujifunza kwa kurudia mara nyingi kidogo kidogo, na kulala usingizi katikati.

Hatua ya 1: Tuni gita, kisha pima ucheleweshaji wa sauti

Gemu itakutunisha kabla ya wimbo, lakini ijue hali ya kawaida wewe mwenyewe: kutoka uzi mnene kwenda mwembamba ni E, A, D, G, B, E. Uzi mnene ni wa sita, mwembamba kabisa ni wa kwanza. Nitatumia namba hizo hadi mwisho.

Mwanzoni chagua nyimbo zinazotumia tuni hiyo ya kawaida tu. Nyimbo nyingi za roki zimeshushwa nusu toni au zaidi, na ukiruka kutoka wimbo mmoja hadi mwingine utatumia nusu ya muda wako kuzungusha funguo za gita.

Sasa piga uzi mmoja ulio wazi na usikilize. Sauti ya uzi wenyewe na sauti ya spika zinapaswa kufika pamoja. Kama ya spika inakuja nyuma, hata kwa kitambo kidogo, usiendelee. Utajifunza kupiga mapema ili kuiridhisha mashine, na tabia hiyo itakufuata hata ukicheza na watu. Mara nyingi chanzo ni televisheni: sauti inayopita kwenye kebo ya HDMI huchakatwa kabla ya kutoka. Washa hali ya gemu kwenye televisheni, au toa sauti kwa waya moja kwa moja kwenda kwenye hedifoni au spika. Bluetooth nayo huchelewesha sauti yenyewe, ndiyo maana nimekukataza.

Hatua ya 2: Iandae gemu ifundishe kodi

Rocksmith 2014 inakuuliza unataka njia gani: Lead, Rhythm au Bass. Wengi huchagua Lead kwa sababu ya jina, halafu wanashangaa kwa nini kodi hawazioni ila kwa kubahatisha. Chagua Rhythm. Huko ndiko kodi ziliko.

Kisha zoea rangi. Uzi wa sita ni nyekundu, wa tano njano, wa nne bluu, wa tatu chungwa, wa pili kijani, wa kwanza zambarau. Kwenye mipangilio unaweza kupindua mpangilio wa nyuzi, mnene uwe juu au uwe chini. Hakuna ulio sahihi zaidi. Chagua mmoja leo na usiuguse tena, maana ukibadilisha katikati macho yanaanza upya.

Kodi huja kama fremu yenye alama za rangi ndani, na jina lake pembeni. Ikirudiwa, fremu inakuja tupu. Maana yake ni "ile ile, endelea kucharaza". Lisome jina kila mara. Anayesoma rangi peke yake anafukuza alama sita zinazomjia kwa kasi. Aliyesoma jina anakumbuka kitu kimoja tu, na mkono unajua la kufanya. Kazi yetu yote ni kukutoa kundi la kwanza na kukupeleka la pili.

Hatua ya 3: Zima skrini, jenga umbo la kwanza

Anza na Em. Kidole cha kati freti ya pili uzi wa tano, kidole cha pete freti ya pili uzi wa nne. Nyuzi nyingine zote wazi. Ni vidole viwili tu, na nyuzi zote sita zinalia, kwa hiyo hakuna uzi wa kukwepa.

Weka ncha ya kidole karibu na chuma cha freti, upande wa kichwa cha gita, bila kukanyaga chuma chenyewe. Kadiri unavyorudi nyuma kwenye nafasi ndivyo unavyohitaji nguvu zaidi. Kidole gumba kikae nyuma ya shingo, takribani nyuma ya kidole cha kati.

Halafu piga uzi mmoja mmoja, wa sita hadi wa kwanza. Hii ndiyo hatua ambayo gemu haiwezi kukufanyia, kwa kuwa mara nyingi inakubali kodi hata kama uzi mmoja umezimika. Sikio lako lisikubali. Uzi ukikwaruza, sogeza kidole karibu na freti. Uzi ukifa kabisa, angalia ni kidole gani cha jirani kinachougusa, kisha kisimamishe zaidi.

Nyuzi zote zikilia, punguza nguvu. Legeza kidogo kidogo huku ukipiga, mpaka sauti ianze kukwaruza, kisha rudisha nguvu kiasi kidogo tu. Hicho ndicho kipimo chako. Wanaoanza karibu wote wanabana kupita kiasi, na mkono uliobana hauwezi kuondoka haraka. Ukihangaika kubadilisha kodi kwa kasi, angalia kwanza hapa.

Ukimaliza Em, jenga Am (kidole cha shahada uzi wa pili freti ya kwanza, cha kati uzi wa nne freti ya pili, cha pete uzi wa tatu freti ya pili, uzi wa sita usipigwe). Kodi mbili zinatosha kwa siku za mwanzo. Usichukue orodha ya kodi kumi na mbili ukazikariri zote. Kodi moja peke yake haina matumizi, na kinachopigwa kwenye wimbo ni safari ya kutoka kodi moja hadi nyingine.

Hatua ya 4: Zijifunze kwa jozi

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo ningependa ukae muda mrefu kuliko pengine popote. Kila jozi ya kodi ina njia fupi. Ukiijua njia hiyo, nusu ya mzigo inaondoka.

Am kwenda C: kidole cha shahada na cha kati havisogei kabisa. Kidole cha pete peke yake kinatoka uzi wa tatu freti ya pili kwenda uzi wa tano freti ya tatu. Anayenyanyua vidole vyote vitatu na kuviweka upya anafanya kazi mara tatu bila sababu.

Am kwenda E: umbo ni lile lile, limehamia uzi mmoja kuelekea upande mnene. Vidole vinapaa pamoja na kutua pamoja, bila kubadilisha mpangilio wao hewani.

G kwenda D: hapa G unayoishika ina maana kubwa. Ishike hivi: kidole cha kati uzi wa sita freti ya tatu, cha shahada uzi wa tano freti ya pili, cha pete uzi wa pili freti ya tatu, cha mwisho uzi wa kwanza freti ya tatu. Kwenye D, kidole cha pete kinabaki pale pale, uzi wa pili freti ya tatu. Cha shahada kinakwenda uzi wa tatu freti ya pili, cha kati uzi wa kwanza freti ya pili. Kidole cha pete kinakuwa nanga yako.

Nanga hiyo hiyo inakupeleka mbali zaidi. Ukiacha kidole cha pete na cha mwisho pale vilipo, kisha ukahamisha cha kati kwenda uzi wa tano freti ya tatu na cha shahada kwenda uzi wa nne freti ya pili, umepata Cadd9, ambayo kwenye nyimbo nyingi inakaa vizuri mahali pa C. Kwa mazoezi ya mkono ni nzuri sana. Ila gemu ikiandika C, inasubiri noti za C, kwa hiyo usitegemee alama.

Kwa jozi isiyo na kidole cha pamoja, kama C kwenda D, tafuta kidole kinachoongoza. Chagua kimoja kitue kwanza na vingine vikifuate, halafu kiwe kile kile kila mara. Baada ya siku chache vitaanza kutua pamoja vyenyewe.

Hatua ya 5: Hesabu mabadiliko ndani ya dakika moja

Chukua jozi moja. Washa saa. Shika kodi ya kwanza, charaza mara moja, badilisha, charaza mara moja, rudi. Kila badiliko ni moja. Baada ya dakika, andika idadi kwenye daftari pamoja na jina la jozi na tarehe.

Zoezi hili linajulikana sana kwa walimu wa gita, lakini wanaotumia gemu hulipuuza, ilhali wao ndio wangefaidika zaidi. Idadi hiyo inakwambia kasi ya kuweka kwenye gemu. Ukifanya mabadiliko 40 kwa dakika, kila moja linakuchukua sekunde moja na nusu. Wimbo wenye mapigo 80 kwa dakika, ukipunguzwa hadi asilimia 50, unabaki na mapigo 40, yaani pigo moja kila sekunde moja na nusu. Badiliko lako linaingia ndani ya pigo moja. Kwa hiyo gawanya mabadiliko yako kwa mapigo ya wimbo: 40 kwa 80 ni asilimia 50. Ukifika 60, wimbo huo huo unaweza kuupeleka asilimia 75.

Kipimo hiki ni cha tahadhari, kwani mapigo mengi ya wimbo hayana badiliko lolote na mkono unapata nafasi ya kupumua. Hata hivyo kitakuepusha na kuchagua kasi kwa hamu badala ya uwezo. Wimbo una jozi kadhaa? Tumia idadi ya jozi iliyo dhaifu kuliko zote.

Hatua ya 6: Mkono wa kucharaza usisimame

Kabla ya kurudi kwenye gemu, fundisha mkono wa piki jambo moja: haumsubiri mwenzake. Hesabu moja, mbili, tatu, nne kwa sauti na charaza kwenda chini kila hesabu. Kwenye moja badilisha kodi. Kama vidole havijafika, charaza hivyo hivyo, hata kama nyuzi zitalia wazi au zitakwaruza. Itasikika vibaya kwa siku chache. Lakini mkono unaosimama kusubiri vidole unavunja mdundo, na msikilizaji anasamehe noti iliyokwaruza mapema zaidi kuliko mdundo uliokatika.

Kuna ujanja unaotumiwa hata na wapigaji wazoefu: nusu ya mwisho ya hesabu ya nne, nyanyua vidole na uache mkono wa piki upite kwenye nyuzi zilizo wazi. Wakati huo vidole viko safarini. Kwa masikio ya wengi hiyo ni sehemu ya mtindo wa kucharaza.

Hatua ya 7: Rudi kwenye gemu, ugumu wote, kasi ndogo

Hili ndilo badiliko moja la mipangilio ambalo nakusihi ulifanye hata kama utaacha mengine yote.

Rocksmith kwa kawaida inakuanzishia wimbo na noti chache, kisha inaongeza kadiri unavyofaulu. Kwa kodi ya C, kwa mfano, inaweza kukuonyesha kwanza noti moja ya freti ya tatu uzi wa tano. Wewe kwa haraka unaibonyeza kwa kidole cha shahada, na gemu inakupongeza. Baadaye inaongeza noti ya pili, unatafuta kidole kilicho karibu. Kodi nzima inapokuja, kidole cha shahada kimeshazoea kwenda mahali ambapo ni pa kidole cha pete. Hapo ndipo watu husema "ghafla wimbo umekuwa mgumu". Wimbo haujabadilika, ila mkono ulifundishwa vidole visivyo vyake na sasa lazima uviache.

Fungua Riff Repeater, sehemu ya Rocksmith ya kurudia kipande kimoja cha wimbo. Chagua kipande kifupi chenye jozi uliyoifanyia mazoezi. Pandisha ugumu hadi asilimia 100, ili kodi zote zionekane zilivyo. Shusha kasi hadi asilimia uliyoipata kwenye hatua ya tano. Cheza.

Kasi ikishuka sana sauti ya wimbo inaharibika kidogo. Ivumilie. Ukipiga kipande bila kusimama mara tatu mfululizo, ongeza asilimia tano. Ukikosea mara mbili mfululizo mahali pale pale, usirudie mara ya tatu. Simamisha gemu, rudi kwenye jozi hiyo kwa dakika moja, kisha endelea. Kurudia kosa ni mazoezi pia, na mkono unayakariri vilevile.

Hatua ya 8: Gemu ndogo za kodi, na nyimbo nzima

Rocksmith 2014 ina gemu ndogo mbili zinazohusu kodi: Return to Castle Chordead na Star Chords. Zinakulazimisha kusoma jina au umbo na kulishika bila kukawia, kwa hiyo ni nzuri kwa kukumbuka. Hazikufundishi kubadilisha kwa mdundo, kwani muda wake hautokani na wimbo. Dakika tano au kumi zinatosha, mwishoni, mkono ukiwa umepata joto.

Wimbo mzima ucheze mara moja kwa kila kipindi, kwa kasi yoyote, bila kusimama hata ukipotea. Ukipotea, charaza uzi wowote kwa mdundo mpaka ukutane na kodi unayoijua. Kisha zima gemu na ujaribu kuupiga wimbo ule ule kwa kumbukumbu, hata mistari minne tu ya mwanzo. Kodi unayoweza kuishika pasipo fremu mbele yako hiyo ndiyo umeijua. Hizo zitie alama kwenye daftari, nyingine ziache kwenye orodha ya kesho.

Hatua ya 9: F, na kodi za kulaza kidole

F inawakatisha tamaa watu wengi kuliko kodi nyingine yoyote, na sababu ni ya kimaumbile: kidole kimoja kinalazwa juu ya nyuzi kadhaa kwenye freti ya kwanza, karibu kabisa na mfupa wa shingo (kile kipande chenye mifereji ya nyuzi karibu na kichwa cha gita), mahali ambapo nyuzi ni ngumu kuzibonyeza. Usianzie hapo.

Anza na F ndogo. Kidole cha shahada kilaze juu ya nyuzi mbili tu, wa kwanza na wa pili, freti ya kwanza. Cha kati uzi wa tatu freti ya pili, cha pete uzi wa nne freti ya tatu. Nyuzi mbili nene usizipige.

Kwa kodi nzima ya kulaza, nenda freti ya tano, ambako nyuzi zinabonyezeka kwa urahisi zaidi. Laza kidole cha shahada kwenye nyuzi zote sita, lakini kizungushe kidogo kiegemee ubavu wake ulio upande wa kichwa cha gita, kwa sababu ubavu ni mgumu na hauna mikunjo ya ngozi ambamo uzi unaweza kuzama. Vidole vingine vitatu vikiwa mahali pake (cha kati uzi wa tatu freti ya sita, cha pete uzi wa tano freti ya saba, cha mwisho uzi wa nne freti ya saba), kidole cha shahada kinabaki na kazi kwenye nyuzi tatu tu: wa sita, wa pili na wa kwanza. Acha kubana katikati. Vuta kwa uzito wa mkono kuja nyuma badala ya kukamua kwa gumba. Sauti ikitulia, shuka freti moja kila baada ya siku kadhaa mpaka ufike ya kwanza.

Mpaka wakati huo, wimbo wenye F ndani ya gemu upige kwa F ndogo. Gemu inaweza kukunyima alama. Mkono wako hautapoteza chochote.

Makosa yanayojirudia

Kufukuza asilimia. Asilimia 92 kwenye ugumu mdogo haina uzito wa asilimia 60 kwenye ugumu wote. Ukilinganisha, linganisha ugumu ule ule na kasi ile ile.

Kutazama mkono, kisha skrini, kisha mkono. Kila unaporudisha macho unakosa fremu mbili. Kama lazima uangalie mkono, hujaimaliza hatua ya tano, irudie.

Kujifunza nyimbo nyingi nusu nusu. Wimbo mmoja wenye kodi tatu, uliomalizika kwa kasi kamili, unakuachia kitu mkononi.

Kupiga nyuzi zote sita kila mara. D inaanzia uzi wa nne, C na Am zinaanzia wa tano. Gemu inaweza isilalamike, ila uzi wa sita unaounguruma chini ya D unaharibu kodi nzima.

Ukikwama

*Nimeshika sawa, gemu haitambui.* Tuni upya kwanza, kwani uzi mmoja ulioteleza unatosha. Angalia kitasa cha sauti kwenye gita kiko juu kabisa. Kama unatumia maikrofoni, vaa hedifoni ili sauti ya wimbo isiingie humo. Kwenye kompyuta, hakikisha kebo ya Rocksmith imewekwa chaneli moja, biti 16, 48000 Hz kwenye mipangilio ya kurekodi.

*Sauti inachelewa hata kwa hedifoni za waya, natumia kompyuta.* Kwenye Rocksmith 2014 kuna faili la Rocksmith.ini lenye mstari wa LatencyBuffer. Punguza namba moja moja. Sauti ikianza kupasuka pasuka, umeshuka mno, rudi juu moja. Hifadhi nakala ya faili kabla ya kuligusa.

*Uzi wa kwanza haulii kwenye C.* Karibu kila mara ni tumbo la kidole cha shahada linaugusa. Shusha kifundo cha mkono mbele kidogo ili kidole kisimame kwa ncha.

*Ncha za vidole zinauma.* Ni kawaida mwanzoni, ngozi hukomaa ndani ya wiki chache ukipiga kila siku kidogo. Pumzika zikianza kuwaka, na usipige mara tu baada ya kulowesha mikono, kwa kuwa ngozi laini huchanika.

*Kifundo cha mkono au kiganja kinauma.* Hili si la kuvumilia. Acha hapo hapo. Mara nyingi kifundo kimekunjwa sana au unabana kupita kiasi. Pandisha shingo ya gita iinuke kidogo, fupisha mkanda, rudia kipimo cha nguvu cha hatua ya tatu. Maumivu yakibaki baada ya siku chache za mapumziko, au vidole vikifa ganzi, muone daktari kabla ya kugusa gita tena.

*Mabadiliko yangu yamegota, hayapandi.* Badilisha jozi kwa siku mbili tatu, kisha rudi. Kama bado, jirekodi mkono kwa simu na utazame polepole. Utaona kidole kimoja kinachopaa juu kuliko vingine, au kinachongoja vingine vitue. Kifanyie kazi hicho peke yake: shika kodi, kinyanyue na ukirudishe polepole, kikae karibu na nyuzi muda wote, kisha pima tena dakika moja.

*Kwenye mazoezi naweza, wimbo ukianza siwezi.* Ondoa kasi, si kodi. Shusha asilimia kumi na ucheze kipande kinachoanzia mapigo mawili kabla ya badiliko linalokusumbua hadi mapigo mawili baada yake. Likipita, panua kipande kwa mapigo machache kila upande.